Wimbo wa Nchi Usioagizwa na Mtu

Kazi yangu ni kuimba nyimbo za watu wengine. Jumapili jioni, kwenye klabu moja ya nyama choma nje kidogo ya mji wa Nakuru, bendi yetu hupiga muziki wa kantri mpaka wahudumu waanze kupandisha viti juu ya meza. Ukimwambia mgeni hivyo anacheka. Anataka kujua Bonde la Ufa na makauboi wapi na wapi. Lakini sisi tuliolelewa na redio ya serikali sebuleni hatukuwahi kuuhesabu muziki huu kuwa wa kigeni. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na hadi leo kuna nyumba huku ambazo Krismasi haijaingia mpaka sauti yake isikike. Don Williams, Kenny Rogers, Charley Pride, Dolly Parton: majina haya mzee wa Molo au Njoro anayataja bila kujikwaa, na wengine maneno ya nyimbo wanayajua kuliko mimi ninayelipwa.

Ila kantri iliyotufikia ilikuwa imechujwa. Tulipata mapenzi, mama, kanisa, treni, mlevi anayejuta, mkulima anayetazama mawingu. Bendera hatukuipata. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba huko kwao kuna tawi zima la muziki huu linaloimba nchi, jeshi na bendera, tena si la jana. Merle Haggard alitoa The Fightin' Side of Me mwaka 1970, wakati wa vita vya Vietnam, akiwaonya wanaoisema nchi yake vibaya. Lee Greenwood alitoa God Bless the USA mwaka 1984, mwaka ambao Reagan alikuwa akigombea tena, na tangu hapo wimbo huo umekuwa kama wimbo wa taifa wa pili. Binamu yangu alipokwenda kula kiapo cha uraia wa Marekani, video ya wimbo huo ndiyo waliyoonyeshwa ukumbini kabla ya kuondoka na vyeti vyao. Alinipigia simu kunieleza kana kwamba mimi ndiye niliyeutunga, kwa sababu tu naimba kantri.

Huyo binamu ndiye aliyeniletea albamu ninayotaka kuizungumzia. Wakati huo alikuwa Oklahoma, akisoma mchana na kuhudumia wazee usiku. Aliporudi nyumbani likizo akatoa kwenye sanduku, katikati ya viatu vya watoto, CD ya mwimbaji wa kantri Toby Keith inayoitwa Unleashed. Akaniambia, "Kaka, huko nilipo hii ndiyo redio yenyewe. Ukizima hapa inaanza kule."

Albamu hiyo ilitoka Julai 2002 na ikaenda moja kwa moja hadi namba moja kwenye chati ya Billboard 200, ile inayochanganya muziki wa kila aina. Ina nyimbo 12. Zilizotolewa kama singo ni nne, na kila moja ilinifunza kitu chake, ingawa si kwa kipimo sawa. Moja haikunifunza chochote zaidi ya kwamba kina mama wanapenda nyimbo za taratibu.

Wimbo wa kwanza kwenye CD, na ndio uliokuwa singo ya kwanza, ni Courtesy of the Red, White and Blue, wenye jina la pili kwenye mabano, The Angry American. Tuliusikiliza katika stoo ya mpiga besi wetu, tunakofanyia mazoezi kati ya magunia ya mahindi. Unaanza kwa upole kiasi kwamba ukiingia chumbani ghafla utadhani ni wimbo wa mazishi. Gitaa moja tu, na sauti nzito ya mtu anayesimulia habari za baba yake: alitumikia jeshi, akapoteza jicho la kulia, akarudi nyumbani, akapandisha bendera uani mpaka siku aliyokufa. Kisha ngoma zinaingia, magitaa ya umeme yanafuata, na yule mtu mpole anageuka. Anawaambia adui waliomvizia na kumpiga kwamba Marekani inakuja na buti, na anataja kabisa buti hilo litaingia wapi. Mpiga ngoma wetu aliruka juu. Alikuwa hajui Kiingereza cha kutosha kufuata kila neno, lakini mwili wake ulielewa.

Mimi nilibaki kwenye ubeti wa yule baba. Binamu alinieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe, kwamba baba huyo ni wa kweli. H. K. Covel, mzazi wake Toby Keith, alikufa kwenye ajali ya barabarani Machi 2001. Miezi sita haijaisha, minara ya New York ikaanguka. Keith alisema aliuandika wimbo huo kwa dakika 20 hivi, na mwanzoni alitaka kuwaimbia wanajeshi tu, asiurekodi. Aliyemsukuma aurekodi ni Jenerali James Jones, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Marines cha Marekani. Kufikia Julai 2002 wimbo ulikuwa namba moja kwenye chati ya kantri.

Kwa hiyo kabla ya kuwa wimbo wa taifa lenye hasira, ulikuwa wimbo wa mtoto aliyefiwa. Jambo hili lilinikamata kwa sababu ya historia yangu na nyimbo za uzalendo.

Mimi ni mtoto wa enzi za Nyayo, za Rais Moi. Nilikunywa maziwa ya Nyayo, nikakariri kiapo cha utiifu kwa rais kwenye gwaride la shule, na kwa kuwa nilikuwa na sauti, nikatiwa kwenye kwaya. Kila ilipokaribia Madaraka au Jamhuri tulitolewa darasani kufanya mazoezi. Maneno yalikuja kwenye karatasi iliyopigwa saiklostaili, bado inanuka wino, na mwalimu wa muziki alikuwa na fimbo kwa ajili ya mdomo usiofunguka vizuri. Siku yenyewe tulipakiwa kwenye lori hadi uwanja wa Afraha, tukasimama juani tangu asubuhi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Jina la rais lilikuwa ndani ya kila ubeti. Amani, upendo na umoja vilikuwa ndani ya kila kiitikio. Tulikuwa tunaimba vizuri, hilo siwezi kulikana. Sauti ya pili ninayokula nayo ugali leo niliipata pale, na mwalimu yule alikuwa na sikio ambalo sijakutana nalo tena. Lakini hakuna mtu aliyekuwemo kwenye nyimbo zile. Kulikuwa na taifa, chama, baba wa taifa, wananchi. Hapakuwa na mzee mwenye jicho moja anayepandisha bendera uani kwake bila kutumwa.

Akilini mwangu, basi, wimbo wa kuipenda nchi ulikuwa kitu kinachoagizwa. Kinatoka juu, kinakuja na karatasi. Hapa napata mtu aliyefanya kazi kwenye visima vya mafuta vya Oklahoma, ameandika wimbo wa nchi kwa sababu amemkosa baba yake, na hajaomba ruhusa. Kilichonishangaza zaidi ni kisa cha televisheni. Kituo cha ABC kilikuwa kimuweke kwenye kipindi chao maalumu cha Julai 4 mwaka huo, kisha akaondolewa. Keith akasema mtangazaji wao mkuu, Peter Jennings, ambaye ni mzaliwa wa Kanada, aliyakataa maneno ya wimbo; kituo kikakanusha kwamba hiyo ndiyo sababu. Sikujali nani alikuwa mkweli. Nilichokiona ni kwamba wimbo wa kusifu bendera ulikataliwa kwenye sikukuu ya bendera, na nchi ikaendelea. Fikiria kwaya yetu ingekataliwa Afraha. Au fikiria mkuu wa redio yetu ya wakati ule aseme, huu wimbo wa rais maneno yake makali mno, hatuupigi.

Nilimwambia mpiga besi hayo yote kwa furaha, kwamba hawa jamaa wako huru. Ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Hasira inauza, ndugu yangu. Ngoja uone anayekataa kununua."

Hatukungoja sana.

Natalie Maines, mwimbaji wa kundi la kantri la Dixie Chicks, alikuwa amekwisha kuusema wimbo wa Keith hadharani mwaka 2002 kwamba ni wa kijinga na unaifanya kantri yote ionekane hivyo. Kisha tarehe 10 Machi 2003, wakiwa jukwaani London, siku chache kabla ya Iraq kuvamiwa, akasema wanaona aibu kwamba rais wa Marekani anatoka Texas, jimbo lao. Vituo vya redio vya kantri vikaacha kuwapiga. Kuna mahali watu waliletwa pamoja kuziharibu CD zao. Keith naye akawa anaonyesha kwenye matamasha yake picha iliyounganishwa ya Maines akiwa pamoja na Saddam Hussein.

Mimi kama mtu wa jukwaani kuna jambo moja ambalo sikulimeza kirahisi. Wakati hayo yanatokea, Dixie Chicks walikuwa na wimbo namba moja kwenye chati ya kantri, Travelin' Soldier. Ni wimbo wa kijana mwanajeshi anayekwenda Vietnam akiwa hana wa kumwandikia barua ila msichana mmoja mhudumu wa mkahawa, na anakufa huko. Ukitafuta wimbo wa kumheshimu askari wa kawaida, huo ndio. Ukaporomoka kwenye chati ndani ya wiki chache na kutoweka. Wapenda jeshi waliuzima wimbo wa askari.

Hakuna waziri aliyetia sahihi. Hakuna karatasi ya saiklostaili. Nilikumbuka wanamuziki wa kwetu waliolala ndani kwa ajili ya mstari mmoja, nikaona kwamba tofauti ipo na ni kubwa. Maines alilala kwake, na mwaka 2007 kundi lake likabeba Grammy tano. Lakini fimbo ya mwalimu wa muziki niliitambua. Safari hii iliyoishika ni msikilizaji mwenyewe, yule anayepiga simu redioni na kusema mkiwapiga hawa tena nahama. Mimi ninayeishi kwa kumridhisha mteja wa meza ya nyuma ninaijua fimbo hiyo vizuri.

Na kwetu mwaka uleule wa 2002 tulikuwa na la kujifunza lililokaribia hapo. Vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, walitoa Unbwogable, kibao cha kujigamba kwamba hawatishiki. Hakuna ofisi iliyokiagiza. NARC, muungano wa vyama vya upinzani, wakakidaka, kikaimbwa kwenye mikutano mpaka Kibaki akaapishwa Desemba 30. Kwa mtu wa kwaya ya Afraha hiyo ilikuwa ajabu: serikali inaingia kwa wimbo wa vijana wa hip hop. Nilipoona wanasiasa wazima wanaucheza, tena vibaya, nilijua kwamba wimbo ukishatoka mdomoni mwa mwenyewe haumwulizi tena uende wapi.

Singo ya pili ya Unleashed, Who's Your Daddy?, nayo ilifika namba moja. Ni ya utani, ya mwanamume anayejiona mjanja, na siiimbi ikiwa kuna familia zimeleta watoto. Rock You Baby ndiyo ile ya taratibu. Haikupanda sana huko kwao, ila hapa klabuni imewahi kurudisha mke na mume kwenye sakafu ya dansi. Ukiitazama albamu nzima, karibu yote ni hivyo: baa, Mexico, wanawake, rodeo. Bendera iko kwenye wimbo mmoja. Albamu nzima ikabebeshwa jina la wimbo huo mmoja, na mwenyewe pia.

Ya nne ndiyo iliyotushinda nguvu. Beer for My Horses, aliouandika pamoja na Scotty Emerick na kuuimba na Willie Nelson, ulikaa namba moja kwa wiki sita mwaka 2003. Nelson alikuwa ametimiza miaka 70. Hapa Nakuru ulipokelewa kama vile uliandikwa Nakuru. Mdundo wake mtu mlevi anaweza kuufuata, kiitikio kinaimbika na meza nzima, na habari yake watu wanaijua: majambazi wamezidi, sheria imelala, na babu anasimulia jinsi zamani mhalifu alivyotafutiwa kamba na mti mrefu, akaning'inizwa watu wote waone. Tulipofika hapo chupa zilikuwa zinainuliwa. Wenye maduka waliovunjiwa, madereva wa matatu walioporwa, mkulima aliyeibiwa ng'ombe, wote wanaimba. Niliupenda wimbo ule kwa sababu ulikuwa unatupa zawadi nzuri ya jukwaani.

Jioni moja tulikuwa tunashusha vyombo kwenye gari. Pale kituo cha bodaboda, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na kelele. Kijana mmoja ameshukiwa kuiba pikipiki. Nilimwona kwa muda mfupi, kati ya miguu ya watu: shati la timu ya mpira, kiatu kimoja. Kisha nikaona tairi linapitishwa juu ya vichwa, mkono hadi mkono, bila haraka, na mtu mwingine anakuja na chupa ya soda ambayo haikuwa na soda. Polisi walifika, safari hii mapema kuliko ilivyo kawaida, wakafyatua hewani, wakamvuta kijana kwenye gari lao akiwa hai. Moto haukuwashwa. Watu wakarudi kwenye pikipiki zao wakilalamika kwamba kesho atatoka kwa dhamana.

Baadhi yao waliingia klabuni. Saa tatu usiku wakaomba wimbo wa farasi.

Tuliupiga, maana ndiyo kazi. Tulipofika kwenye ubeti wa mti na kamba nikamwangalia mpiga gitaa la solo, nikamwonyesha kidole kwamba achukue yeye. Akapiga ubeti mzima kwa gitaa, vizuri sana, na tangu usiku huo ndivyo tunavyoupiga. Wengi hawajagundua. Mzee mmoja, mteja wa tangu zamani, alinifuata nikinywa maji.

"Msanii, mbona umekula ubeti wangu?"

"Ule una petroli, mzee."

Akanitazama, akatazama nje ng'ambo ya barabara, akaenda kukaa. Bado anauomba, na bado anauimba ubeti ule peke yake juu ya gitaa, kwa sauti ya chini. Siwezi kumzuia, ni mteja.

Mwaka 2008 huko Marekani wimbo huo ulishutumiwa kwamba unatukuza kunyonga watu bila mahakama, na Keith akajibu kwamba unazungumzia masherifu na makauboi wa zamani wa Magharibi. Namwamini kwamba ndivyo alivyokusudia. Farasi wenyewe wamo kwenye jina. Lakini mtu wa Nakuru hana sherifu wa zamani akilini. Ana kituo cha bodaboda. Nashangaa pia jinsi watu wanavyosahau yule mzee aliyeshika sauti ya pili. Willie Nelson alipinga vita vya Iraq waziwazi. Wawili hao walisimama kwenye kipaza sauti kimoja, mwaka uleule ambao Dixie Chicks walizimwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa niseme habari za shangazi yangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusema kuhusu ule wimbo wa kwanza.

Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa karani katika jengo lililo karibu na ubalozi wa Marekani, Nairobi. Waliokuwa pale wanaeleza kitu kilekile: kwanza ulisikika mlipuko mdogo, watu wakakimbilia madirishani kutazama, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikaingia ndani. Ndiyo sababu wengi waliumia macho. Jijini Nairobi walikufa watu 213, na 12 kati yao walikuwa Wamarekani. Wale wengine waliokufa karibu wote ni wa kwetu, watu waliokuwa wakichapa barua, wakisubiri basi, wakiuza karanga. Shangazi alipoteza jicho la kushoto.

Yeye ndiye aliyenifundisha Jim Reeves. Alikuwa amekuja kwetu likizo, akanisikia nafanya mazoezi ya ule wimbo wa Toby Keith, nikiwa bado sijaamua kama tuupeleke klabuni. Akaniuliza huyu anasema nini, mbona ameanza vizuri halafu anapiga kelele. Nikamweleza ubeti kwa ubeti. Nilipofika kwa yule baba aliyepoteza jicho la kulia akanisimamisha.

"Alilipwa?"

"Nani, Shangazi?"

"Huyo baba yake. Jicho."

Nikamwambia jeshi la Marekani huwa linawalipa watu wake walioumia kazini, kwa hiyo huenda alilipwa.

"Basi mwanawe ana nafasi ya kuimba," akasema. "Mimi hasira yangu hata sijui niipeleke wapi. Niipeleke ubalozini? Wamehamia Gigiri. Nauli ya kwenda na kurudi tu, mwanangu."

Alicheka, na mimi nikacheka, na akaniambia nirudie pale mwanzo, kabla ya ngoma. Tulirudia mara kadhaa. Sehemu ya buti hakuitaka, si kwa kuogopa matusi. Alisema huyo anayetishia kupiga ana uwezo wa kupiga, ndiyo maana wimbo wake unapendeza. Angekuwa hana ndege za kivita ungekuwa kichekesho. Nimesoma maoni mengi kuhusu wimbo huo, ya kuusifu na ya kuulaani, na sijaona lililonyooka kuliko hilo. Waathirika wa Kenya wamekwenda mahakamani na kwenye ofisi nyingi kudai fidia. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 mwaka 2020 kwa ajili ya mashambulizi yale na mengine, watu kama shangazi, ambao hawakuwa raia wa Marekani wala wafanyakazi wa ubalozi, hawakuwemo kwenye hesabu. Tuna bustani ya kumbukumbu pale ubalozi ulipokuwa, yenye majina ukutani. Siku za maombolezo kwetu tuliimba za kanisani.

Kwa hiyo wimbo ule hatukuupeleka klabuni. Toby Keith alipofariki, Februari 5, 2024, kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 62, watu walituomba tumkumbuke. Nilikuwa nimeshajua mengi juu yake ambayo hayakai vizuri kwenye picha ya yule Mmarekani mwenye hasira: kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa Democrat, kwamba aliimba Oslo kwenye tamasha la Nobeli la Obama mwaka 2009 na akaimba pia kwenye sherehe za kumkaribisha Trump mwaka 2017, kwamba alizunguka mwaka baada ya mwaka kuwaimbia wanajeshi Iraq na Afghanistan huku wengi waliokuwa wakipiga kelele za vita wakiwa sebuleni. Jumapili iliyofuata nikaimba ubeti wa baba yake, kwa gitaa moja, nikaishia pale ngoma zinapotakiwa kuingia. Mpiga ngoma wetu alikuwa ameshainua vijiti. Alinuna mpaka tukafunga vyombo.

Baada ya hapo nikapata kazi ya kwanza ya kutunga wimbo kwa malipo. Mtu mmoja kutoka ofisi fulani ya serikali alinifuata, akataka wimbo wa kizalendo wa Jamhuri, "wenye ladha yenu hiyo ya kantri." Nilikubali. Niliandika kuhusu marehemu baba yangu, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na saa ya mkononi ambayo aliilinganisha na treni, si na redio, na treni zilipoacha kuja kwa wakati, hakuibadilisha. Alisema treni ndiyo imekosea. Alilipa kodi ya kichwa ya mkoloni akiwa kijana na ushuru wa kila serikali iliyofuata, na alikuwa akiweka stakabadhi zote kwenye bati la biskuti. Hakuna bendera kwenye wimbo huo. Bati la biskuti liko kwenye kiitikio.

Bwana yule akasikiliza rekodi yetu kwenye simu yake, akiwa ameegemea gari, mpaka mwisho. Akasema ni mzuri, umemkumbusha babake. Kisha akauliza jina la mheshimiwa liko ubeti wa ngapi.

Nikamwambia halimo.

Akaomba nilitie hata mara moja tu, pale kwenye stakabadhi, lingekaa vizuri. Tukavutana kwa adabu. Mwishowe wakamchukua msanii mwingine, na nimesikia alilipwa kwa wakati, jambo ambalo kwa kazi za namna hiyo ni habari. Wetu tunaupiga Jumapili, baada ya Don Williams. Watu wa reli waliostaafu huomba urudiwe, na mmoja wao hudai kwamba bati lile la biskuti lilikuwa lake.